Mfanyakazi wa Saa Kumi na Moja

(Mada iliyotolewa katika semina ya wafanyakazi)



Nimeombwa nizungumze juu ya wafanyakazi wenye umri mkubwa wanaopunguzwa kazini kwa sababu ya kompyuta. Mimi si mwanasheria, wala si mtaalamu wa mitambo. Nilikuwa karani wa masijala katika kampuni binafsi. Kwa hiyo nitaeleza kwanza yaliyonipata, kisha tuyapime pamoja kwa kipimo cha haki.

1. Kizazi cha jalada na leja

Niliajiriwa mwaka 1992. Itakumbukwa kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kuondolewa, lakini wengi wetu tuliosoma miaka ya 1980 tulimaliza shule bila kuigusa kompyuta hata moja. Tulifundishwa kuandika leja, kutunza daftari la barua zinazoingia na zinazotoka, na kupanga majalada kwa namba. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Meneja alipotaka jalada la mtu aliyeacha kazi miaka kumi iliyopita, nililileta kabla chai yake haijapoa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Kompyuta zilipoingia ofisini kwetu, mara mbili niliitwa kwenda mafunzoni, na mara zote mbili nilimpendekeza kijana aende badala yangu. Nilisema kwamba kazi zimenizidi. Ukweli ni kwamba niliona haya kuonekana sijui. Nilidhani kuijua kazi ya jana ni kinga ya kutosha dhidi ya kesho.

2. Kujifunza ukubwani

Mwaka 2018, nikiwa na umri wa miaka 51, tulitangaziwa kwamba kumbukumbu zote zitahamishiwa katika kanzidata. Kanzidata ni ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Katika aina inayotumika zaidi maofisini, taarifa hupangwa katika majedwali: kila mstari ni mtu au kitu kimoja, kila safu ni habari moja juu yake, na namba maalumu huunganisha jedwali moja na jingine. Mpango huo ulielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Alikuwa na umri wa miaka 46 alipouchapisha. Nilipolijua jambo hilo nilipata faraja, maana nilikuwa nimeaminishwa kwamba mambo haya yamebuniwa na vijana kwa ajili ya vijana.

Nilijiandikisha katika masomo ya jioni kwa fedha yangu mwenyewe. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Wanafunzi wenzangu waliniita Mzee, wakaniachia kiti cha mbele, na vidole vyao vilikimbia huku vyangu vikitafuta herufi. Kwa wiki nyingi sikuelewa kitu. Kisha jioni moja mwalimu alieleza kwamba kila mstari lazima uwe na ufunguo wake, yaani namba isiyofanana na nyingine, ili watu wawili wasichanganywe. Nikasema moyoni: kumbe hii ni masijala! Namba ya jalada niliyoitunza miaka yote ndiyo huo ufunguo.

Tangu hapo nilianza kutoa mchango ambao vijana hawakuweza kuutoa. Katika majalada yetu, mwanamke mmoja aliandikwa Mwanaidi, Mwana Idi na Mwanahidi. Kompyuta iliwahesabu watu watatu. Kwa upande mwingine, Juma Hamisi mmoja katika orodha alikuwa kwa kweli watu wanne, kila mmoja na idara yake. Msidhani hayo ni madogo. Jina likikosewa, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii inaweza kushindwa kuonekana kwa mwenyewe, na mtu akafikia siku ya kustaafu akahangaika kuthibitisha kwamba aliwahi kufanya kazi. Kompyuta huhifadhi kwa uaminifu kile ilichopewa, hata kama ni uongo. Anayejua kwamba ni uongo ni yule aliyewafahamu watu wenyewe.

3. Siku ya barua

Kazi ya kuhamisha kumbukumbu ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Ilipokamilika, mwishoni mwa 2019, tuliitwa ofisini Ijumaa alasiri. Orodha ilikuwa imekwisha kuchapwa. Tuliambiwa kwamba kwa kuwa masijala ya karatasi haipo tena, na nafasi zetu hazipo. Nilikuwa na miaka 27 kazini, na ilibaki miaka mitatu nifikie 55, umri wa kustaafu kwa hiari. Nikapewa karatasi nitie sahihi. Mimi niliyesoma barua za watu wengine kwa miaka 27, barua yangu niliitia sahihi bila kuisoma hadi mwisho.

Njiani nilitafakari jambo moja. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikihamisha kilichomo kichwani mwangu na kukiweka mahali ambapo mimi sitahitajika tena, na waliolijua hilo hawakuniambia. Nyumbani mama watoto aliniuliza kwa nini nimerudi mapema. Nilimjibu kwamba umeme umekatika. Ilinichukua siku mbili kumwambia kweli.

4. Sheria inasema nini

Ndugu zangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za muundo wa kazi. Lakini inamdai mambo ya lazima kabla ya kufanya hivyo:

(a) Atoe taarifa ya kusudio lake mara tu anapoanza kulifikiria, si baada ya kuliamua.

(b) Atoe habari zote zinazohusika, ili mashauriano yawe ya kweli.

(c) Ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama, juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza madhara, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati, na malipo.

Kiinua mgongo cha kisheria kwa aliyefanya kazi mfululizo ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, lakini miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Hesabu hiyo ni nyepesi na ni chungu: miaka 27 yangu ilinipa siku 70, sawa na mwenzangu aliyefanya kazi miaka 10. Zaidi ya hapo ni makubaliano, na makubaliano yanahitaji mtu aliyejiandaa. Aidha, mfanyakazi anastahili notisi au malipo badala yake, malipo ya likizo aliyoistahili, na cheti cha utumishi.

Anayeona ameachishwa isivyo haki hupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mimi nililisikia hilo wiki ya saba. Nawaambieni ili msilisikie wiki ya saba.

5. Kazi ni kwa ajili ya mtu

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mitambo yaweza kuwa rafiki wa mtu anayefanya kazi, na pia yaweza kugeuka kuwa kama adui yake inapomwondolea nafasi na fahari ya kazi yake. Alisisitiza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Basi swali la haki haliko katika kompyuta, bali katika wale wanaoamua itumikeje.

Nasi twaijua habari ya vibarua katika shamba la mizabibu. Waliokutwa sokoni saa kumi na moja jioni hawakuwa wavivu. Walieleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwauliza umri. Aliwapa kazi, na akawalipa ujira wa kutosha kula siku ile.

Wapo wanaosema kwamba mzee akijifunza atakuwa salama. Mimi nilijifunza, na sikuwa salama. Wapo pia wanaosema kwamba basi kujifunza ni bure. Nao wanakosea. Leo nakisaidia chama cha kuweka na kukopa kuingiza leja zake katika kanzidata. Malipo ni madogo kuliko mshahara wa zamani, lakini ni ya halali, na ujuzi ule hakuna aliyeweza kunipokonya pamoja na ufunguo wa ofisi. Ninachosema ni hiki: kujifunza ni wajibu wa mfanyakazi, na kuambiwa ukweli mapema ni haki yake. Asiyemwambia mtu kwamba anachimba shimo la kazi yake mwenyewe amemwibia, hata kama amemlipa mshahara kila mwezi.

6. Tufanye nini?

Kwanza, ukiitwa mafunzoni, nenda. Usimtume kijana kwa sababu ya aibu. Pili, kazi yako inapohamishiwa katika kompyuta, ulizeni kwa pamoja na kwa maandishi: baada ya kazi hii kukamilika, sisi tutakuwa wapi? Tatu, usitie sahihi siku ileile. Omba nakala, kaonane na chama chako au na mtu anayeijua sheria. Nne, hakiki jina lako na michango yako sasa, ungali kazini. Nanyi waajiri mliomo humu, zikiwamo taasisi zetu za Kanisa, mfundisheni mzee kabla ya kumhesabu kuwa ameshindwa, na msimshirikishe siku ya barua tu.



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu wapo waliopunguzwa kazini wakiwa na umri mkubwa? Tuliwatembelea lini?

2. Ni kitu gani kinachotufanya watu wazima tuone haya kujifunza?

3. Je, parokia yetu inapoleta mtambo mpya, inamwambia nini mtumishi aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono?