TUJENGE NYUMBA BORA, TUSIUMALIZE MSITU

Ndugu wananchi wa Lushoto,

Kila mmoja wetu ataka nyumba ya kudumu. Hiyo ni haki yake. Lakini tanuru la matofali hula kuni usiku na mchana, na kuni hizo hutoka katika milima yetu ya Usambara. Msitu ukiisha, chemchemi zitakauka. Nyumba bila maji ni nyumba gani?

Wako watakaosema: basi tujenge kwa saruji tupu. Saruji hupandishwa kwa lori kutoka Mombo, na kila mfuko una bei yake. Tena hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa moto mkali mno, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa.

Iko njia nyingine. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, hufundisha matofali ya kufungamana. Udongo na saruji kidogo hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku 7 au zaidi.

Lakini tusikurupuke. Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi. Ukikauka hunywea na kupasuka. Jaza udongo uliolowa katika kisanduku chembamba chenye urefu wa sentimita 60, uache ukauke, kisha pima ulivyonywea. Ukinywea sana, ongeza mchanga.

Shime, ndugu zangu! Mtu mmoja hamudu mashine. Kijiji kikichanga kitaimudu. Tuanze na darasa moja la shule, kila mzazi alione.