Jiwe Langu Kwenye Foleni



Mhadhara wa uprofesa huanza na nadharia. Mimi naomba kuanza na jiwe. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 10, na jiwe hilo mama alilitia alama ya msalaba kwa mkaa. Saa kumi alfajiri nililiweka mbele ya duka la ushirika, nyuma ya ndoo iliyotoboka na kandambili moja isiyo na mwenzake, nikarudi kulala. Vitu ndivyo vilivyopanga foleni. Wenyewe tulikuja jua limechomoza. Hakuna aliyesogeza jiwe la mwenzake, na mgambo hakuwepo. Haki ya kumiliki niliielewa pale, miaka mingi kabla sijaisoma.

Bei ya sukari iliandikwa kwa chaki mlangoni, na kweli ilikuwa nafuu. Ikaisha kabla ya zamu yetu. Jioni sukari ileile ilitoka kwa mlango wa uani, kwa bei isiyoandikwa popote. Mama alikuwa na pesa halali, ya vitunguu alivyolima mwenyewe. Alichokosa ni ndugu mwenye funguo.

Najua sababu za uhaba huo zilikuwa nyingi: bei ya mafuta, ukame, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Lakini Tume ya Bei ya 1973 haikuletwa na ukame. Wala si Amin aliyefunga maduka ya watu binafsi katika Operesheni Maduka ya 1976, mwaka uleule vyama vya ushirika vya wakulima vilipofutwa. Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka walanguzi mwaka 1983, sina shaka na uadilifu wake. Watu walitupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu, nasi tukaendelea kupanga mawe. Bei ukiipiga marufuku haifi; inahamia kwenye kujuana, na hapo maskini hana cha kulipia.

Bajeti ya 1984, aliyoisoma Waziri wa Fedha Msuya, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Kisha akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Sabuni ikarudi, mitumba ikajaa minadani. Wapo waliosimama mbele ya rafu zilizojaa wakiwa hawana senti, na sitawaambia wenzangu wa mrengo wa kushoto kwamba jambo hilo ni dogo.

Tena serikali iliyonikosesha sukari ndiyo iliyonipa mwalimu, daftari na chanjo, bure. Kwa hiyo sidai serikali ife. Nadai ipunguze kazi inazozishika ili izimudu. Mkiniuliza niiweke wapi kwanza, nitasema kwenye mizani. Vitunguu vya mama vilinunuliwa kwa lumbesa: gunia linajazwa, linaongezewa kichuguu juu, linashonewa kamba, halafu linalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo ipo. Hapo ndipo nilipomtaka ofisa wa serikali, naye alikuwa kwingine akihesabu mifuko ya sukari.

Mama yupo hapa, safu ya pili. Jana nilimuuliza kama anakumbuka lile jiwe. Kumbe analo. Linazuia mlango wa banda la kuku.