Muuguzi wa Wodi ya Akili: Kuchoka na Kukomaa



Mtu akisikia unafanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili, swali lake la kwanza ni lile lile: hawakupigi? Kupigwa kupo. Lakini sisi wauguzi tukiwa wenyewe kwenye chai ya saa nne, ngumi si mazungumzo yetu. Tunamzungumzia kijana aliyeruhusiwa wakati wa mavuno, ametulia, anawauliza ndugu zake mahindi yametoa magunia mangapi. Mvua za kupandia zinapoanza analetwa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya ndugu wawili, mikono imefungwa kamba. Dawa ziliisha, nauli ya kuja kliniki haikupatikana. Kamba hiyo unaifungua wewe, naye anakuita kwa jina.

Mgonjwa wa kuvunjika mguu akipona, ameaga. Wetu wengi hurudi, na kila mmoja anaporudi muuguzi hujiuliza kama kazi yake ya miezi ile ilikuwa bure. Juu ya hayo kuna utani wa mitaani. Jina la Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, watu wamelifanya tusi, na tusi hilo hutupata na sisi: eti nesi naye kaanza kufanana nao.

Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wa Marekani walitoa kipimo cha uchovu wa watu wanaohudumia watu. Kinatazama mambo matatu: moyo kuishiwa nguvu, kumwona unayemhudumia kama kitu, na kujiona huna unachofanikisha. Mimi naliogopa la pili, maana linaingia kimyakimya kupitia mdomoni. Mzee anayejulikana kijijini kwake kwa jina na heshima anakuwa “yule msumbufu wa kitanda cha pembeni”. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, liliueleza uchovu huu kuwa ni hali itokanayo na kazi, halikuuita ugonjwa. Basi tuache kumwambia muuguzi akasali na apumzike, halafu ratiba ya zamu ibaki vilevile.

Na kukomaa je? Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, aliandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa huwakuza wote wawili. Nakubaliana naye, kwa sharti. Mtazame muuguzi mzoefu: mkasi hauweki mfukoni, hasimami kati ya mgonjwa na mlango, na sauti ya mgonjwa ikipanda yeye anashusha yake. Amejifunza kusikia woga ndani ya matusi. Lakini muuguzi huyo huyo akienda kula hotelini hutafuta kiti kinachotazama mlango, na mwanawe akicheka kwa sauti usiku hushtuka. Umahiri na jeraha vimetoka chungu kimoja. Kwa hiyo napata shida na viongozi wanaosifu uvumilivu wetu. Mara nyingi wanachokisifu ni kunyamaza.

Fungueni kitabu cha ripoti ya zamu. Kina waliolazwa, walioruhusiwa, watoro, waliochomwa sindano ya kutuliza. Muuguzi aliyepigwa kofi saa nane usiku hamo, labda kama kuna kitu kimevunjika na maelezo yanatakiwa.

Napendekeza dakika kumi na tano wakati wa kukabidhiana zamu asubuhi, baada ya habari za wagonjwa. Aliyekuwa zamu ya usiku aulizwe usiku ulimwendaje, aseme bila maneno yake kuandikwa wala kupelekwa kwenye kikao cha nidhamu. Muuguzi mfawidhi aanze yeye kusema, la sivyo vijana hawatafungua mdomo. Nitaambiwa usiku muuguzi yuko peke yake na muda hakuna. Ni kweli, ndiyo maana nimetaja asubuhi: ni saa ambayo zamu mbili zinakuwa chumba kimoja, na hakuna posho inayohitajika.