Nuru kwa Kiasi: Juu ya Kuongoza Mwangaza wa Ala katika Ndege za Kujiundia



Jambo nililopewa kulieleza laonekana dogo likiwekwa kando ya mambo ya injini, mabawa na uzani, nalo ni namna ya kuongeza na kupunguza nuru ya ala zilizo mbele ya rubani. Lakini naomba lisipimwe kwa udogo huo, maana rubani arukaye katika usiku usio na mwezi hana upeo wa kutazama wala ardhi ya kumjulisha kama yuko sawa au amelala upande, ila hizo ala zenyewe, na ala isiyosomeka, ama kwa uhaba wa nuru ama kwa wingi wake, ni sawa na ala isiyokuwepo.

Katika ndege zitokazo viwandani kazi hii hufanywa na wahandisi kabla mnunuzi hajakabidhiwa ndege yake. Ama katika ndege zijengwazo na watu binafsi katika karakana zao, sanaa iliyostawi sana Marekani na kupata jumuiya yake mwaka 1953, Paul Poberezny alipoanzisha Experimental Aircraft Association huko Milwaukee, mjenzi mwenyewe ndiye kiwanda. Sheria ya nchi ile humtaka awe ameifanya sehemu kubwa ya kazi kwa ajili ya elimu au burudani yake, kisha humwachia hiari pana katika kuchagua vifaa. Basi hununua skrini kwa huyu, redio kwa yule, na swichi zenye taa kwa wa tatu, kila kimoja kizuri peke yake, ilhali wauzaji hao hawakupata kuketi pamoja wakaafikiana jinsi vifaa vyao vitakavyofifia mkono mmoja utakapozungusha kitufe kimoja. Hapo ndipo ilipo shida yote, na mjenzi huitambua usiku wa kwanza, pale skrini inapokuwa imefifia vizuri, redio ingali inawaka kwa nguvu, na swichi zimekwisha zimika.

Yafaa tuanze na jicho, kwa kuwa ndilo bwana na umeme ni mtumishi wake. Jua la mchana hutupa juu ya ardhi nuru ipatayo laksi 100,000, na mwezi mpevu hutupa kama robo ya laksi moja. Naam, jicho lile lile laona katika hali zote mbili. Watu wengi hudhani kuwa siri iko katika mboni, lakini mboni hutanuka kutoka kipenyo cha milimita 2 hadi karibu 8 tu, na hivyo huongeza nuru iingiayo mara 16, kadiri ndogo mno mbele ya tofauti ile. Kilichobaki hutendwa na chembe za ndani ya jicho, ambazo huhitaji kama nusu saa gizani ili zirudishe ile dawa yao ya kuonea iitwayo rodopsini. Nusu saa hiyo yaweza kupotea kwa sekunde chache za skrini iliyosahauliwa katika mwangaza wa mchana. Sisi tukaao karibu na ikweta tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili, maana kwetu, tangu jua kuzama hadi giza kushika, hazipiti dakika nyingi zaidi ya 20, na usiku humfikia rubani kabla macho yake hayajawa tayari kwa giza. Hewa nyepesi ya juu nayo huipunguza basari ya usiku, ndiyo maana marubani hushauriwa kuvuta oksijeni usiku kuanzia futi 5,000.

Kwa sababu hizo wakati wa Vita Kuu ya Pili zilipendwa taa nyekundu katika vyumba vya marubani, kwa kuwa chembe zionazo gizani haziudhiki sana kwa wekundu. Baadaye nyeupe iliyofifizwa sana ikachukua nafasi yake, na mimi naiunga mkono, kwani mistari myekundu ya ramani hupotea chini ya taa nyekundu, na rubani aliyehifadhi macho yake akapoteza njia yake hakupata faida.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu: kazi ya kufifiza iko katika upande wa chini, wala si wa juu. Anayepunguza utambi wa kandili ajua kwamba mzunguko mdogo karibu na mwisho hubadili chumba kizima, na jicho hupima nuru kwa mafungu, si kwa nyongeza. Kutoka sehemu 1 hadi 2 laona hatua kubwa, na kutoka 200 hadi 201 halioni kitu. Skrini nzuri ya kusomeka juani hutoa mwangaza wa niti 1,000 hivi, na usiku wa giza hutakiwa ishuke hata chini ya niti 1. Ikiwa vidato vyake ni 256 vilivyo sawasawa, kidato cha chini kabisa kitakuwa karibu niti 4, ambazo ni nyingi kupita itidali, na kinachofuata kitaruka mara mbili yake mbele ya macho. Vidato vikiwa 4,096, cha chini hushuka hadi robo ya niti. Basi anunuaye skrini na aulize itashuka hadi wapi, kabla ya kuuliza itapanda hadi wapi.

Kuhusu umeme, balbu za zamani za uzi zilikuwa na tabia njema: ukizipa nusu ya volti zake hutoa kama sehemu moja ya kumi ya nuru yake, tena huendelea kuwaka kwa haya hadi volti chache. Taa nyeupe za LED hazina tabia hiyo. Kila moja hutaka kama volti 3, nazo zikipangwa tatu kwa mfululizo katika ndege ya volti 14, huzimika mara umeme ushukapo karibu na volti 9, wakati balbu ya jirani yake ingali inawaka. Kuziunganisha hizi mbili katika waya mmoja wa kufifizia ni kuwafunga nira wanyama wasiolingana mwendo; afadhali kila jamaa ipewe njia yake.

Kidhibiti volti cha LM317, kipenzi cha wajenzi wengi, chafaa kwa balbu, ila mtu asisahau joto: kikipokea volti 14 na kutoa 6 kwa nusu ya ampea, wati 4 hugeuka joto ndani yake, na lazima kifungwe juu ya bati la kulitawanya. Kwa LED hupendelewa njia ya kuukata umeme na kuurudisha mara mamia kwa sekunde, muda wa kuwaka ukirefushwa au kufupishwa. Njia hii hushuka chini vizuri, lakini ina madhara mawili. La kwanza, mikato mikali hutoa kelele, na redio za anga, zitumiazo masafa ya megahezi 118 hadi 137, huzipokea kelele hizo kwa urahisi; waya na ufunikwe, na mikato ilainishwe. La pili, vifaa vingi hutumia waya wa kufifizia kama ishara tu, vikisoma volti zake ili kujipangia mwangaza. Vikipewa umeme uliokatwakatwa badala ya volti tulivu, husoma vipande na kupepesa.

Jicho la umeme lipimalo nuru ya chumba ni msaidizi mwema mchana, ila usiku mkono wa rubani ndio uwe na kauli ya mwisho, kwa kuwa kifaa hakijui kwamba radi zinamulika mbele, ambapo hekima ni kuziongeza taa ili kimulimuli kisimpofushe.

Taa za hatari hazipaswi kufuata kitufe cha kufifizia hadi kuzimika. Katika ndege ya Piper Arrow taa zionyeshazo kushuka kwa magurudumu hufifia taa za ubao ziwashwapo, na wapo marubani waliosahau kuzima taa za ubao mchana, wakadhani magurudumu hayakushuka. Mjenzi azipe vipimo viwili tu, vya mchana na vya usiku, na umeme wa kufifizia ukikatika zirudi katika mwangaza kamili.

Mwisho, jaribio. Mjenzi afunge milango ya karakana usiku, akae ndani ya ndege kwa nusu saa bila taa yoyote, kisha aziwashe ala kutoka chini, akitazama pia taswira za ala hizo katika kioo cha juu. Akiridhika, achomoe fyuzi ya waya wa kufifizia, na aone kama taa ya akiba, yenye fyuzi yake na swichi yake, yatosha kumwezesha kusoma mwendo, kimo na dira.