Askari Tunawaheshimu, Vita Hatuvitaki

(Mazungumzo ya muuguzi wa jumuiya yetu kwenye hafla ya Sikukuu ya Uhuru)

  

Tumepewa dakika tano, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja. Mwaka huu kijana wetu mmoja amejiunga na jeshi la hapa Uingereza. Habari hiyo ilipotangazwa kwenye mkutano wetu, nusu ya ukumbi ilipiga makofi na nusu ikanyamaza. Mama yake akatuuliza pembeni, "Jamani, nifurahi au nilie?" Hatukuwa na jibu.

Sisi tuliosomea uuguzi hapa na kufanya kazi kwenye wodi za wazee tumewahudumia askari wengi wastaafu. Wengi ni watu wa utani. Lakini ikifika tarehe 5 Novemba, Waingereza wanapolipua fataki, ndipo utajua. Mzee mmoja wa zaidi ya miaka 80 tulimkuta sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, amefunika kichwa kwa mikono. Dawa hakutaka. Tulikaa naye pale chini kwa zamu, tumemshika mkono, mpaka kukapambazuka. Siku sita baadaye, tarehe 11, alivaa medali zake na lile ua jekundu la karatasi, akasimama wima kuliko sisi wote. Ni mtu yule yule.

Watoto, msidhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Kariakoo, pale bibi anaponunua vitenge, ni jina la Carrier Corps lililogeuka midomoni mwetu. Ni wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wetu waliobebeshwa mizigo ya vita visivyowahusu. Wengi hawakurudi.

Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Baba na wajomba zetu, wanajeshi kwa mgambo, walikwenda kuwaondoa, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Hapo hatuna mjadala: mtu akivunja mlango wako, utatoka. Ila mjomba wetu mmoja alirudi bila hata mkwaruzo, na kwa miaka mingi hakuweza kukaa akiupa mlango mgongo. Nasi tuliozaliwa baada ya vita tulikulia kwenye foleni za sukari na sabuni. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Wakubwa mnajua ilikuwa mingapi.

Na tarehe 7 Desemba 2017, siku mbili kabla ya sikukuu hii, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa Kivu Kaskazini, Kongo. Mwaka ule tulikutana hapa, pilau likabaki.

Kwa hiyo mama, jibu letu limechelewa, lakini ni hili: furahi, na ukitaka kulia, lia. Mwanao akija na sare yake tutampigia makofi. Na serikali ikitaka kumpeleka kwenye vita visivyo na sababu, tutamwandikia mbunge wetu, na tutaandamana. Wapo wanaosema huko ni kukosa shukrani. Sisi tunaosafisha vidonda hatukubali.

La mwisho. Kamati ilishanunua fataki za saa tatu usiku. Humu ukumbini wapo wazee wa Kagera, na ndugu zetu waliokimbia vita Kongo na Burundi. Tuliomba zirudishwe dukani, na kamati imekubali. Tunajua watoto mmenuna. Badala yake, mzee wetu mmoja aliyekuwa Kagera atakaa nanyi kwenye meza ile ya dirishani. Muulizeni mnachotaka. Akinyamaza msimsukume, mleteeni chai.