Woga wa Mwendeshaji Mpya wa Pikipiki

   Leo sitazungumza juu ya malaria wala lishe. Nitazungumza juu ya woga, ule unaompata mtu siku ya kwanza anapokalia pikipiki na kuambiwa, haya, nenda.

Pengine utauliza, woga wa pikipiki unahusu nini na afya ya mtoto? Hapa kwetu Boito unahusu sana. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zimeingia hadi vijiji ambavyo matatu haifiki. Maziwa yanabebwa na pikipiki. Gunia la majani chai linapelekwa kituoni na pikipiki. Mtoto akipandwa na homa usiku, au mama akishikwa na uchungu, simu ya kwanza anapigiwa mtu wa boda boda. Zamani waendeshaji walikuwa wanaume peke yao. Siku hizi utamwona mwalimu wa kike, utamwona mama wa mboga, utamwona mhudumu wa afya wa kijiji. Mimi pia ni mmoja wao, na ndiyo sababu nimeomba kuzungumza leo.

Mimi ni muuguzi. Nilijifunza pikipiki nikiwa na miaka 41, mama wa watoto watatu. Zahanati yetu ilikuwa na pikipiki moja, na aliyekuwa akiiendesha alihamishwa. Chanjo zilipaswa kuchukuliwa mbali na kuletwa katika sanduku la baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, nazo hazingojei mtu apate ujasiri. Nilifundishwa kwa siku mbili. Siku ya tatu nikajifunga sanduku nyuma na kuondoka. Sikumwambia mtu yeyote kwamba mikono ilikuwa inatetemeka. Niliona aibu. Muuguzi mzima, atawaambiaje watu kwamba anaogopa?

Nilianguka nikirudi, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Lori la majani chai lilikuwa linapanda. Njia ilikuwa inatutosha sote wawili, nimerudi kupima mara nyingi. Lakini macho yangu yalitazama mtaro, na mtaro peke yake. Nikashika breki ya mkono kwa nguvu zote, gurudumu la mbele likateleza, nikaingia mtaroni pamoja na chanjo za watoto. Wachuma majani walikuja kunitoa. Kogo mmoja alinipangusa tope usoni kwa leso yake akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unaogopa tangu ulipotoka?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ungesema."

Niliumia goti tu. Lakini kwa wiki mbili sikuigusa pikipiki, na siku ya kliniki kina mama walikaa na watoto mapajani hadi saa saba, kisha wakarudi nyumbani bila sindano. Hilo liliniuma kuliko goti.

Sasa tuelewe woga huu ni kitu gani. Mwili ukiona hatari, humwaga kemikali iitwayo adrenalini ndani ya damu. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, mdomo unakauka, misuli inakaza. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Ukikutana na nyoka shambani, jambo hili linakufaa. Juu ya pikipiki linakuletea shida, kwa maana mikono iliyokaza haiwezi kugeuza usukani taratibu, na vidole vilivyokaza vinabana breki. Tena macho ya mtu mwenye hofu hugandama kwenye kile anachokiogopa, na pikipiki hufuata macho. Ukitazama shimo utaingia shimoni. Ukitazama mahali unapotaka kupita, mikono yenyewe itakupeleka huko. Laiti ningeambiwa hilo kabla ya ule mteremko.

Kwa hiyo, mama, usione haya. Kuogopa si ugonjwa wala si dalili kwamba wewe hufai. Ubaya uko katika kuuficha woga na kuingia nao barabarani siku hiyo hiyo. Woga hupungua mwili unapozoea, na mwili huzoea kwa kupewa kazi ndogo, mara nyingi.

Aliyenirudisha kwenye pikipiki ni mzee mmoja wa boda boda. Alinipeleka uwanja wa shule ya msingi siku ya Jumamosi, na siku ile ya kwanza hakuniruhusu hata kuwasha injini. Tuliisukuma tu. Niliilaza, nikaiinua, nikaiweka kwenye stendi, nikaikalia miguu yote miwili ikiwa chini. Nikaujua uzito wake. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimechoka kama niliyetoka kuchuma chai, lakini sikuwa naiogopa tena kama mnyama nisiyemjua.

Siku zilizofuata alinifundisha klachi. Unaiachia polepole mpaka usikie pikipiki inataka kwenda, unaizuia hapo, unaibana tena. Mara hamsini, mara mia. Waendeshaji wapya wengi huogopa kuzimikiwa kwenye mlima, lori likiwa nyuma linapiga honi. Kumbe dawa yake ni ndogo: mguu wa kulia unashikilia breki ya nyuma ili usirudi, mkono wa kushoto unaachia klachi taratibu, na ukisikia injini inavuta ndipo unaondoa mguu. Ikizima, basi imezima. Washa tena. Anayepiga honi atangoja.

Tulipotoka barabarani alichagua saa. Sikilizeni hili, ninyi mnaoishi huku kwenye chai. Asubuhi sana kuna ukungu, mtu haonekani. Alasiri mvua hunyesha, mara nyingine ya mawe, na malori ya majani yanazunguka vituoni. Mwanafunzi na atoke saa tatu hadi saa tano asubuhi, ukungu umeinuka, njia imekauka. Kwenye mteremko aliniwekesha gia ndogo kabla sijaanza kushuka ili injini yenyewe izuie mwendo, na breki nikazitumia zote mbili, kidogo kidogo. Mahali penye tope au changarawe iliyolegea sikuruhusiwa kubana ile ya mbele ghafla, na hasa kwenye kona.

Na pumzi. Kila nilipokaza alisema, "Mama, imba." Niliona ni mzaha. Lakini huwezi kuimba huku umezuia pumzi. Kama huna sauti, vuta hewa ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, ulegeze viwiko na mabega. Fanya hivyo kabla ya kuwasha, halafu tena ukishapita mahali pagumu.

Ilinichukua karibu wiki tano kabla sijabeba chochote nyuma. Kwanza nilibeba sanduku tupu, kisha sanduku lenye chanjo. Mtu nilimbeba mwisho kabisa.

Hapa nataka kusema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Mama ambaye bado anatetemeka asibebe mtoto. Hata kama ni wake mwenyewe, hata kama ni hapo karibu. Mtoto asikalishwe mbele juu ya tangi, maana mkianguka yeye ndiye anayegonga kwanza, na kifua chako kinamfuata. Ukiwa mjamzito, huo si wakati wa kuanza kujifunza. Mtoto akiugua kabla hujazoea, mwite mwendeshaji mzoefu, wewe ukae nyuma umshike. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 70. Ifungwe kidevuni. Ile inayoning'inia kwenye usukani inalinda usukani.

Wako watakaokushauri unywe kidogo ili uondoe woga. Wengine watakupa miraa au mugoka. Pombe huondoa hofu, ni kweli, lakini huondoa pia ile akili inayokuambia kona imefika. Miraa nayo hukimbiza moyo ambao tayari unakimbia.

Tuje kwa vijana wetu. Mama, pengine umekopa kwenye chama, au umetumia bonasi ya majani, ukamnunulia kijana pikipiki. Jumatatu imefika na wiki ijayo kuna deni la kulipa. Kijana anatoka kabla hajakomaa kwa sababu anajua wewe unahesabu siku. Yeye hatakuambia anaogopa. Mvulana wa miaka ishirini hasemi neno kama hilo, hasa mbele ya wenzake pale stendi. Utaiona ishara nyingine: halali vizuri, hataki chai asubuhi, au anaendesha kwa kasi mno, kwani kasi nayo ni nguo ya woga. Muulize mkiwa wawili. Unapokopa, omba muda wa kuanza kulipa baada ya mwezi au miezi miwili, ili apate kujifunza na kuchukua leseni. Ya kubeba abiria ni daraja lake peke yake, A3. Leseni ya pikipiki ya kawaida haimruhusu.

Na aliyekwisha kuanguka? Akishatibiwa na kupona, asikae mbali na pikipiki muda mrefu kama nilivyofanya mimi. Kila siku unayoikwepa, woga unaongezeka. Arudi uwanjani, aanze tena kwa kuisukuma. Lakini kama mwezi umepita na bado anaota ajali ile usiku, anashtuka akisikia injini, hawezi hata kuwa abiria, mlete kituo cha afya. Hilo lina matibabu, na si jambo la kuambiwa ajikaze.

Neno la mwisho ni juu ya ekzosi, kwa sababu kila mwanafunzi huungua mguu wa kulia. Weka mguu chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, usipake unga, usipake samli. Malengelenge usiyapasue. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au likianza kutoa usaha, njoo tulione.

Siku hizi mteremko ule wa mtoni napita mara mbili kwa wiki. Bado naimba nikiufikia. Kogo yule shamba lake liko pale pale, na akinisikia huinua mkono bila kuacha kuchuma.