Mtoto Asiyeona Gizani: Tulijue Daraja Lililo Ndani ya Jicho

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata)



Nitazungumza juu ya watoto wanaoona vyema mchana, lakini jua likizama hupapasa kuta na kujikwaa hata nyumbani kwao. Wengine huitwa wazembe, na familia nyingine huanza kumtafuta mchawi. Mahali pa kuanzia ni zahanati.

Kutoona gizani kuna vyanzo kadhaa. Kimojawapo ni upungufu wa vitamini A, ambao hutibika ukigunduliwa mapema. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini hiyo mara mbili kwa mwaka. Chanzo kingine, kisichofahamika sana, ni maradhi ya kurithi ya silia.

Silia ni kijinywele kidogo mno kinachochomoza kwenye seli. Nyuma ya jicho lipo pazia jembamba liitwalo retina, lenye seli zipatazo milioni 120 za kuonea katika mwanga hafifu, na milioni 6 hivi za kuonea mchana na kutambua rangi. Kila seli ina pande mbili: upande mmoja hupokea mwanga, na wa pili umeungana na seli za neva zinazopeleka habari kuelekea ubongoni. Upande wa mwanga hufanywa upya wote kila baada ya siku 10 hivi, kwa hiyo protini husafirishwa huko bila kukoma. Silia ndiyo daraja linalopitisha mizigo hiyo.

Kasoro ya jeni ikiliharibu daraja, mizigo hupotea njia. Protini za kupokea mwanga hukwama upande usio wake. Katika panya wenye baadhi ya kasoro hizi, protini za kwenye kiungo cha neva zimeonekana zikirundikana upande wa mwanga. Seli hudhoofika, na kiungo chake hulegea. Seli ya neva iliyokuwa ikingoja habari hurudisha nyuma matawi yake, na nyingine huchipusha matawi kuelekea pasipostahili. Hivyo kuchelewa kuna gharama: hata tiba ikipatikana, huenda ikakuta mtandao wa neva umekwisha kuvurugika.

Silia zimo katika viungo vingi vya mwili, ndiyo maana dalili haziishii machoni. Katika ugonjwa wa Bardet-Biedl, ulioelezwa na madaktari wa Ulaya miaka ya 1920, mtoto huweza kuzaliwa na vidole vya ziada, kunenepa kupita kiasi tangu utotoni na kuumwa figo. Katika ugonjwa wa Usher, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi, kisha uoni wake ukafifia anapokua. Izingatiwe kwamba watu wengi wenye kidole cha sita ni wazima kabisa. Linalopaswa kututia shaka ni dalili hizo zikiandamana na kutoona gizani.

Kwa kawaida maradhi haya hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe wana afya njema. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hivyo asilaumiwe mama, asilaumiwe baba, wala asinyooshewe kidole jirani.

Ndugu wananchi, mtoto wa namna hii apelekwe zahanati au kituo cha afya, aombewe rufaa kwa mtaalamu wa macho, na figo zake zipimwe. Hospitali za KCMC mjini Moshi na CCBRT jijini Dar es Salaam zina mabingwa wa macho. Kwa wengi bado hakuna dawa ya kurudisha uoni uliopotea, lakini figo huweza kulindwa, uzito kudhibitiwa, na mtoto kufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe na kusoma nukta nundu. Shule isimkatae: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya elimu. Walimu wamkalishe mbele, penye mwanga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo tuwatazame watoto wetu wanavyotembea kiza kinapoingia.